Nani analipia mandhari ya Colorado?

Picha ni ile ile kila mwaka: mapaa ya vigae vyekundu, nyasi zilizokatwa vizuri, wanafunzi watatu wanne wakicheka na mabegi mgongoni, na nyuma yao mawe makubwa bapa yaliyoegemea mlima, yale yanayoitwa Flatirons. Hapo ni Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder. Kijana aliyemaliza kidato cha sita Arusha, au kidato cha nne Eldoret, akiiona kwenye simu yake, swali la kwanza huwa ni namna ya kuingia pale. Swali la bei huja baadaye, pengine kutoka kwa baba. Swali la nani aliichagua picha ile, na kwa sababu gani, aghalabu haliji kabisa.

Kimo chenyewe si cha kumshangaza. Colorado hujisifia maili moja: Denver, mji mkuu wa jimbo, iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na ngazi za jengo la bunge zina alama ya kuonyesha mahali maili hiyo inapotimia. Alama zenyewe ni tatu. Ya kwanza ilichongwa kwenye ngazi ya 15. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado wakapima upya, wakasema ni ngazi ya 18. Mwaka 2003 vipimo vya kisasa vikaishusha hadi ngazi ya 13. Nairobi iko juu kuliko ngazi zote hizo. Mlima mrefu kuliko yote jimboni, Elbert, una mita 4,401, ilhali Meru, ambao watalii wengi huupita wakikimbilia Kilimanjaro, una zaidi ya mita 4,560. Mtoto wa Usa River amekuwa akiamka na mlima mkubwa zaidi dirishani tangu azaliwe, tena bure.

Wa Colorado si wa bure. Uzuri ule una watu wanaoulipia, na mwanafunzi anayetoka nje ya nchi ni miongoni mwa wanaolipa zaidi. Familia nyingi hulijua hilo baada ya barua ya udahili kufika, sherehe kufanyika na picha kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wakati ambapo kurudi nyuma ni aibu.

Boulder ni mahali pazuri pa kuona jinsi bei hiyo inavyotengenezwa. Mwaka 1959 wakazi wake walipiga kura kwamba maji ya mji yasipandishwe juu ya mstari wa futi 5,750, yaani kama mita 1,753. Pasipo maji hapajengwi nyumba, kwa hiyo miteremko ya mlima ikabaki na misonobari yake. Mwaka 1967 wakaenda mbali zaidi, wakakubali kujitoza kodi ya mauzo ili manispaa inunue mashamba na misitu inayouzunguka mji isije ikageuzwa viwanja. Ulikuwa mji wa kwanza Marekani kufanya hivyo. Miaka minne baadaye wakaweka ukomo wa urefu wa majengo, kama mita 17, ili ghorofa zisije zikaficha milima.

Matokeo ni mji ambao hauwezi kutanuka wala kupanda juu, huku chuo chake kikizidi kujaza wanafunzi. Kodi za nyumba zinaenda kule zinakotarajiwa kwenda. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hulazimika kukaa bwenini na kulipia chakula cha chuo. Mwaka wa pili anatupwa kwenye soko la nyumba pamoja na wahandisi wa kampuni za kompyuta, na hapo ndipo wengi huishia kubanana wanne au watano kwenye nyumba moja kuukuu, au kuhamia miji ya jirani kama Longmont na Lafayette na kuja darasani kwa basi. Kodi ile ya mauzo nayo anailipa kila anaponunua viatu. Anachangia kuitunza picha iliyomleta.

Hata majengo ya chuo yalipangwa yaendane na mlima. Charles Klauder, msanifu wa Philadelphia aliyechora ramani ya kampasi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliiga vijiji vya milimani vya Toscana, Italia, akajenga kwa mawe ya mchanga yaliyochimbwa eneo lile lile. Alifanya kazi nzuri sana, hilo halina ubishi. Ila ni vizuri kukumbuka kwamba karne nzima ya akili na fedha imewekwa ili mgeni afike pale na moyo umruke.

Fedha inayofuata ni ya serikali, au tuseme ya serikali isiyotoa. Mwaka 1992 wapigakura wa Colorado walipitisha kifungu cha katiba ya jimbo kinachojulikana kwa kifupi kama TABOR. Kinaiwekea serikali ukomo wa mapato inayoruhusiwa kubaki nayo, na kodi haiwezi kupandishwa bila wananchi kupiga kura. Shule za msingi na sekondari zilikuja kupata ulinzi wao katika katiba hiyo hiyo mwaka 2000. Vyuo havikupata, na kila uchumi ulipoyumba vilikuwa vya kwanza kukatwa. Kwa miaka mingi Colorado imekuwa karibu na mkia katika orodha ya majimbo kwa fedha za umma anazotengewa kila mwanafunzi wa chuo.

Chuo kilichofungiwa mfuko mmoja hutafuta mwingine. Mfuko huo mwingine ni mzazi wa California, wa Texas, wa Illinois, na wa Mikocheni. Mwanafunzi mkazi wa jimbo hulipa ada ya kama dola 13,000 au 14,000 kwa mwaka pale Boulder. Asiye mkazi hupita dola 40,000 kabla hajalala wala kula. Kwa shilingi ya Tanzania ni takribani milioni 100, kwa ya Kenya ni milioni tano na ushei, kwa mwaka mmoja kati ya minne. Wasio wakazi wamekuwa sehemu kubwa sana ya wanafunzi wa Boulder, na si kwa bahati. Profesa mmoja mzuri anaweza kupatikana Kansas au Nebraska pia. Flatirons haziko Kansas. Mlima ndio unaomfanya mtu wa mbali akubali kulipa mara tatu.

Asidanganyike mtu kwamba atakaa mwaka mmoja kisha ahesabiwe mkazi. Sheria ya Colorado humtaka mtu awe ameishi jimboni mwaka mzima kwa nia ya kubaki, na mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, ameingia nchini akiwa ametamka kwamba atarudi kwao. Anaweza kukaa miaka yote minne, akalipa kodi ya nyumba na ya mauzo, akajua majina ya vilele vyote, na ankara ya ada bado ikamtambua kuwa mgeni. Kazi anayoruhusiwa wakati wa muhula ni ya ndani ya kampasi, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Kuosha sahani kwa saa hizo hakulipi ada ya Boulder, na anayemwambia mzazi kwamba "atajitafutia akifika" hajui anachosema au anajua na ananyamaza.

Hapa ndipo Waswahili wa Colorado wenyewe wanapogawanyika. Aurora, mji unaopakana na Denver, una familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili husikika kwenye makanisa yao, saluni na maduka yenye unga wa mahindi na dagaa. Binti aliyefika pale akiwa mdogo, aliyelelewa kambini Nyarugusu au Kakuma, ni mkazi wa Colorado kama mtoto wa mkulima wa viazi. Jimbo humchangia sehemu ya ada kupitia mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Anaweza kuanza miaka miwili katika chuo cha jamii cha Aurora, ambako ada ni ndogo, na kozi zake za msingi zikahamia chuo kikuu cha umma bila kurudiwa, kwa kuwa jimbo lina orodha ya kozi ambazo vyuo vyote vya umma vinatakiwa kuzipokea. Binamu yake akiomba chuo hicho hicho kikuu kutoka Mwanza, mlima ni ule ule na bei ni mara tatu.

Ila binamu huyo ana kitu ambacho kipeperushi hakikitaji: ana mjomba Aurora. Katikati ya Denver kuna kampasi ya Auraria, ambayo taasisi tatu zinaigawana: chuo cha jamii cha Denver, Metropolitan State University, na Chuo Kikuu cha Colorado tawi la Denver. Haina misonobari. Ina treni, maegesho ya magari na kelele za mjini, na milima huonekana kwa mbali upande wa magharibi kama hakuna ukungu. (Kampasi yenyewe ilijengwa miaka ya 1970 baada ya kuhamishwa wakazi wa mtaa uliokuwa pale, wengi wao familia zenye asili ya Mexico, na vizazi vyao sasa vina haki ya ufadhili wa masomo hapo.) Mwenye kitanda kwa mjomba na tiketi ya basi anaweza kusoma pale bila kumlipa mwenye nyumba wa Boulder hata senti. Hakuna atakayempigia makofi kwa picha zake. Shahada, hata hivyo, ni shahada.

Je, basi milima haina faida kwa mwanafunzi? Inayo, na kubwa, pale inapokuwa sehemu ya masomo.

Golden, mji mdogo ulio mguuni mwa milima magharibi mwa Denver, una Colorado School of Mines, shule ya madini iliyoanzishwa mwaka 1874, wakati jimbo lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Colorado ilipata hadhi ya jimbo tarehe 1 Agosti 1876. Ni dhahabu iliyowaleta wazungu huko kwa maelfu kuanzia mwaka 1858 na 1859, na chuo kikafuata shimo. Kila mwanafunzi mpya hubeba jiwe la ratili kumi, kama kilo nne na nusu, akapanda nalo Mlima Zion hadi kwenye herufi kubwa ya M iliyopangwa kwa mawe mwaka 1908, akaliongeza pale na kuipaka herufi chokaa. Wanafika juu wamepakaa chokaa nywele hadi viatu. Ni mchezo wa vijana, lakini mlima kwao ni kitu cha kushika tangu wiki za kwanza. Baadaye wanashuka Idaho Springs, ambako chuo kina mgodi wake, Edgar, uliotoa fedha na dhahabu katika karne ya 19. Humo mwanafunzi huvaa kofia yenye taa, akashika mashine ya kutoboa mwamba, akajifunza kupima hewa, kuegemeza paa la handaki na kulipua. Kijana wa Geita au Mererani anayetaka kuwa upande wa mhandisi, si upande wa manamba, ana sababu ya kuutamani mlima huo hata kama ungekuwa na sura mbaya.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, kilichoko Fort Collins, ni hadithi nyingine, na ndiyo inayomhusu zaidi msomaji wa Afrika Mashariki. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1870 kama chuo cha kilimo. Hapo ndipo anapofundisha Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo ambaye miundo yake ya maboma na vichochoro vya kupitishia ng'ombe imebadilisha namna machinjio ya Marekani yanavyomshika mnyama. Na hapo ndipo walipotoka watafiti ambao katika miaka ya 1980 waliweka kambi Turkana ya Kusini, Kenya, wakawafuata Waturkana wa Ngisonyoka na mifugo yao, wakapima kila kitu: majani yaliyoota, maziwa yaliyokamwa, damu iliyotolewa, kuni zilizochomwa, nguvu zilizoishia kwa binadamu.

Wakati huo kauli iliyotawala ofisini, Nairobi hata Washington, ilikuwa kwamba mfugaji wa kuhamahama anafuga kupita kiasi na kuigeuza nchi jangwa. James Ellis na David Swift, katika makala yao ya mwaka 1988, walisema vingine. Mahali ambapo mvua haitabiriki, waliandika, idadi ya mifugo huamuliwa na ukame kabla haijafika kuiharibu ardhi, na kuhama ndiyo akili yenyewe ya kuishi pale. Hoja hiyo imetumika tangu hapo na wengi wanaotetea haki ya wafugaji kuhama, kutoka Turkana hadi nyanda za Wamaasai. Waliofikia hitimisho hilo walitoka kwenye chuo ambacho nyanda kavu ziko upande mmoja na milima ya theluji upande wa pili, ambako kuhesabu majani na ng'ombe ni kazi ya kila siku. Mazingira ya chuo yaliwapa macho ya kuiona Turkana. Faida ya mahali ni hiyo, na haionekani kwenye picha.

Boulder nayo, kwa haki, si vigae vyekundu tu. Chuo kina kituo chake cha utafiti kwenye mwinuko wa karibu mita 2,900, na juu zaidi, kwenye ukingo wa Niwot, hewa imekuwa ikipimwa gesi ya ukaa tangu mwaka 1968, mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi duniani. Maabara ya fizikia ambayo chuo kinaendesha kwa ubia na taasisi ya serikali ya vipimo ilitoa washindi wa Nobel mwaka 2001, Eric Cornell na Carl Wieman, na mwaka 2005, John Hall. Upande wa pili wa milima, kwenye mji wa zamani wa machimbo uitwao Gothic, kuna kituo cha baiolojia kilichoanzishwa mwaka 1928, ambako panya-milima wanene waitwao marmoti wamekuwa wakifuatiliwa mmoja mmoja tangu mwaka 1962, miaka miwili tu baada ya Jane Goodall kufika Gombe. Wanafunzi wa vyuo mbalimbali huenda huko majira ya kiangazi. Mtanzania anayekijua Mweka, chuo cha wanyamapori kilichowekwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro mwaka 1963, hahitaji somo hili: pale hakuna aliyewahi kudhani mlima ni pambo.

Na kuna Leadville. Mji huo uko zaidi ya mita 3,000 juu, na chuo cha jamii cha milimani, Colorado Mountain College, kina tawi pale linalofundisha kuendesha viwanja vya kuteleza kwenye theluji: mashine za kusawazisha mteremko, mitambo ya kupandisha watu, mizinga ya kutengeneza theluji. Kwa mwenyeji ni ufundi wenye ajira ya uhakika. Kwa anayerudi Iringa, ni cheti cha kutundika ukutani.

Kuhusu hali ya hewa, vyuo vya Colorado hupenda kusema jimbo lina siku 300 za jua kwa mwaka. Kauli hiyo ni ya kale, ya zama za kampuni za reli zilizotaka kuuza tiketi na viwanja, na wataalamu wa hali ya hewa wa Colorado wenyewe wameikanusha mara kadhaa: inategemea kabisa unaita nini siku ya jua. Jua lipo, na kali, lakini theluji huanza Oktoba na inaweza kuanguka hadi Mei. Gunnison, kwenye chuo kikuu cha Western Colorado, usiku wa Januari hushuka kwa kawaida hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwanafunzi wa Tanga atahitaji koti ambalo bei yake haimo kwenye bajeti yoyote aliyotumiwa. Kuna pia upepo. Tarehe 30 Desemba 2021, katikati ya majira ya baridi, moto uliosukumwa na upepo mkali uliteketeza nyumba zaidi ya 1,000 kwenye miji ya Louisville na Superior, kilomita chache kutoka Boulder, kwa siku moja. Wanafunzi walikuwa likizo. Walioishi huko walirudi kutafuta pa kulala kwenye soko lile lile lisilo na nyumba.

Umbali ndio unaosahauliwa kuliko vyote. Durango iko kilomita zaidi ya 500 kutoka Denver, barabara ikipanda na kushuka kwenye vipito vinavyofungwa theluji ikizidi. Alamosa ni safari ya saa nne hivi. Hata aliye Boulder au Denver, akitaka kufika kwenye viwanja vile vya theluji anavyoviona kwenye video, anahitaji gari, vifaa, tiketi ya bei kubwa, na uvumilivu wa foleni ya Jumamosi kwenye barabara kuu ya 70. Wanafunzi wengi wa Kiafrika humaliza miaka minne wakiwa wamepanda kwenye theluji mara mbili tatu, kwa basi la ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na kupiga picha nyingi siku hiyo.

Durango na Alamosa hata hivyo zinastahili kutazamwa na mtu mwenye kipato cha kawaida, kwa kuwa ada ya mgeni kule ni ndogo sana kuliko ya Boulder. Fort Lewis College ya Durango inakaa juu ya uwanda ulioinuka na kuutazama mji, pengine kampasi yenye mandhari nzuri kuliko zote jimboni. Jina lake linatokana na ngome ya jeshi. Ngome iligeuzwa shule ya bweni ya kuwaachisha watoto wa wenyeji wa asili lugha na mila zao, kisha mwaka 1911 serikali ya Marekani ikaikabidhi ardhi kwa jimbo kwa sharti kwamba wenyeji hao wasome bure. Sharti linaheshimiwa hadi leo, na karibu wanafunzi wanne katika kila kumi ni wa makabila hayo. Mwaka 2021 chuo kiliondoa mabango kwenye mnara wake wa saa yaliyokuwa yakiisimulia shule ile ya bweni kana kwamba ilikuwa mahali pa furaha.

Si Durango peke yake. Chuo Kikuu cha Denver kilianzishwa mwaka 1864 na John Evans, gavana wa eneo hilo, ambaye alipoteza kiti chake baada ya wanajeshi kuwaua Wacheyenne na Waarapaho kwenye kijito cha Sand Creek, Novemba mwaka huo huo. Ripoti ya wasomi wa chuo hicho ya mwaka 2014 ilisema wazi kwamba anabeba sehemu ya lawama. Boulder, bweni lililokuwa na jina la David Nichols, mmoja wa waliopigana Sand Creek na aliyekipigania chuo kijengwe mjini hapo, limeitwa Cheyenne Arapaho tangu mwaka 1989. Mwanafunzi anayetoka nchi zilizoona mashamba ya milimani yakigeuzwa ya walowezi, kuanzia Meru hadi Kiambu, ataisoma historia hii kwa jicho ambalo mwenzake wa California hana. Walimu wazuri wa huko wanalitaka jicho hilo darasani.

Alamosa ina Adams State, na Adams State ina riadha. Chini ya kocha Joe Vigil, mwaka 1992 wanaume wa chuo hicho walishika nafasi ya kwanza hadi ya tano katika mbio za nyika za taifa za daraja la pili la vyuo, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Mji uko mita 2,300 juu, karibu sawa na Iten, na uko pweke, penye baridi na vumbi la tambarare. Mkimbiaji mwenye ufadhili anaweza kustawi pale. Asiye mkimbiaji aulize kwanza wikendi watu hufanya nini.

Yapo pia ya makaratasi. Kabla ya yote mzazi ataonyesha fedha za mwaka wa kwanza kwa taarifa ya benki, chuo kitoe fomu ya I-20 ya kuombea viza, kisha ilipwe ada ya SEVIS, mfumo wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350. Tangu mwaka 2025 masharti ya viza yamekazwa kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, Burundi ikiwamo, na orodha imekuwa ikibadilika, hivyo ni busara kuuliza ubalozini kabla ya kulipa ada ya maombi chuoni kuliko baada.

Dirishani kwenye mahojiano ya viza, ofisa ana dakika chache, na swali lake la kawaida ni kwa nini mwombaji amekichagua chuo hicho kati ya maelfu yaliyopo. "Kuna milima mizuri" amelisikia. Anayeweza kumweleza habari za mgodi wa Edgar, au utafiti wa malisho wa Fort Collins, au chumba kwa mjomba hatua chache kutoka kituo cha treni Aurora, pamoja na hesabu ya nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu, hana haja ya kukariri majibu aliyoyapakua kwenye intaneti.